Picha ya Mitetemo Haitoshi, Pimeni na Udongo

Anayechimba kisima cha mafuta katika Bonde la Ufa kwa kutegemea picha ya mitetemo peke yake, yaani picha ya matabaka inayopatikana kwa kuitikisa ardhi, anabahatisha. Anayechimba kwa sababu tu ameona mafuta yakijitokeza juu ya ardhi naye anabahatisha vilevile. Ziwa Albert, upande wa Uganda, limekwisha kutuonyesha yote mawili.

Wajiolojia walijua tangu zamani kwamba mafuta yanavuja maeneo kama Kibiro, kando ya ziwa hilo; mjiolojia E. J. Wayland aliyaandikia ripoti mwaka 1925. Mwaka 1938 kikachimbwa kisima cha Waki karibu na Butiaba, kikapita mita 1,200. Dalili za mafuta zilionekana, mafuta ya kuuza hayakupatikana. Uvujaji unathibitisha kwamba huko chini kuna mwamba uliozalisha mafuta, lakini hausemi yamekusanyika wapi. Mafuta yakikutana na ufa huufuata, yakatokea juu mbali kabisa na mtego wake, yaani umbo la miamba linaloyazuia na kuyakusanya.

Mitetemo ndiyo inayoonyesha mtego. Malori maalumu hutikisa ardhi, jiofoni (vipokezi vinavyowekwa ardhini) hunasa mwangwi unaorudi, na kompyuta huchora matabaka. Tatizo ni kwamba picha hiyo inaonyesha umbo la chombo, haionyeshi kilichomo. Visima vya Turaco, bonde la Semliki, vilichimbwa kuanzia 2002 baada ya kupima mitetemo. Gesi ilikutwa, ila ilijaa kaboni dioksaidi. Mafanikio ya kibiashara yalianza na kisima cha Mputa mwaka 2006.

Ndiyo maana natetea jiokemia ya udongo, yaani kupima gesi zilizomo udongoni, kazi ambayo wengi huiona ya pembeni. Gesi za mafuta hupenya matabaka kidogo kidogo hadi juu. Ukichukua sampuli kwa mpangilio na kupima maabara, unapata ramani. Methani pekee isikushawishi, kwani vinamasi navyo huitoa kwa wingi. Tafuta ethani na propani zikiandamana nayo, kisha isotopu za kaboni (aina za kaboni zinazotofautiana kwa uzito) zikuambie kama methani hiyo imetokana na joto la vilindini au na bakteria. Na msichanganye sampuli za kiangazi na za masika, maana udongo uliolowa hauachii gesi sawasawa na mkavu.

Weka sasa ramani hiyo juu ya picha ya mitetemo. Gesi ikijipanga juu ya mtego, au kando ya ufa unaoshuka hadi kwenye mtego, hapo pana hoja ya kuchimba. Gesi isipoonekana, usiufute mtego haraka. Huenda tabaka la mfinyanzi limeuziba vizuri mno. Uamuzi huo unataka mjiokemia na mtaalamu wa mitetemo wakae meza moja tangu mwanzo, si mmoja kuletewa data ya mwenzake kisima kikiwa kimeshapangwa.

Nchini Tanzania, Shirika la Maendeleo ya Petroli (TPDC) linatafuta mafuta katika bonde la Eyasi-Wembere. Bonde la Ufa lina gesi za kila namna: kaboni dioksaidi ya volkano, methani ya mabwawa, na huko Rukwa hata heliamu hutoka kwenye chemchemi. Ningependa kila mtego utakaopendekezwa Eyasi-Wembere uambatane na ramani ya gesi za udongo kabla mtambo wa kuchimba haujasafirishwa, na sampuli zihifadhiwe nchini ili vijana wetu wa vyuo waweze kuzipima upya.