Kicheni pati yangu ilinificha kitu

Mwaka 2015 nilifundwa mpaka jasho likanitoka. Ukumbi ulikuwa Sinza, sare ni kitenge cha zambarau, masomo watatu wa kukodi. Nilifundwa mume anapokelewa vipi akitoka kazini na mkoba wake unashikwa kwa mkono gani. Nilifundwa udi unachomwa saa ngapi, shanga zinavaliwa ngapi, kitambaa cha kufutia kinakaa upande gani wa mto. Somo mmoja, mama mtu mzima mwenye mwili wake, alitandika mkeka katikati ya ukumbi, akalala, akaonyesha kiuno kinavyokatwa. Watu walitunza mpaka noti zikakusanywa kwa beseni. Shangazi yangu alikuwa mstari wa mbele na sahani yake ya pilau, hakuinua macho.

Nilitoka pale na friji, jiko la gesi, na elimu ya kutosha kuhusu mwili wa mwanamume. Wa kwangu haukutajwa, labda pale walipogusia kuosha.

Nayasema haya kwa sababu mwaka jana, nikiwa na miaka 37 na watoto wawili, nilinunua ile wanayoiita rozi, na tangu hapo nina ugomvi na ile kicheni pati.

Kwa ambaye hajaiona: ni kidude cha silikoni cha mwanamke kujipa raha mwenyewe, kinachoenea kiganjani, kina umbo la ua waridi, na katikati ya petali zake kuna kijitundu. Kilivuma TikTok mwaka 2021. Hakina mwenyewe mmoja, viwanda vingi vya China vinakitoa, ndiyo maana vyote vinafanana na ubora kila kimoja una wake. Ila wazo lenyewe halikuanza na ua. Mjerumani mmoja, Michael Lenke, alianza kwa kuchezea pampu ya tangi la samaki, ikazaliwa mashine iliyoingia sokoni mwaka 2014 kwa jina la Womanizer. Jina baya, kifaa kizuri. Vaibreta za kawaida zinatetema kama simu. Hizi zinachezesha hewa.

Aliyeniingiza kwenye mambo haya ni shoga yangu wa ofisini. Tulikuwa tunakula wali maharage kwa mama ntilie nyuma ya ofisi, mimi nalalamika kwamba sipati usingizi. Mume wangu anafanya kazi mgodini huko Geita, anarudi nyumbani kila baada ya wiki sita. Shosti akaweka kijiko chini.

"Shoga, wewe huumwi. Una njaa."

Akanitumia ukurasa wa muuzaji palepale.

Muuzaji hapigi simu, anaandika tu. Nilipolipa, shilingi 85,000 na boda juu yangu, aliuliza swali moja: "Nifunge kimya, dada?" Nikamwambia afunge kimya kabisa. Mzigo ukafika getini umeandikwa "urembo wa uso". Kijana wa boda akanikabidhi kwa adabu zote. "Haya sista, ukang'ae."

Sasa usiku wenyewe. Tunakaa Tabata, nyumba ambayo kuta zimeishia kwenye dari la jipsam, kwa hiyo sauti zinapita juu kama panya. Watoto wamelala, dada wa kazi yuko chumba cha pili. Nikawasha feni mpaka namba tano, nikalala chali nimejikaza kama mtu anayesubiri sindano. Kichwani nilikuwa na picha ya chuku. Bibi yangu alikuwa akiumikwa kwa pembe, ngozi inavutwa mpaka inatuna, na mimi niliposikia kwamba hiki kifaa "kinanyonya" nikajua ni hivyohivyo.

Sekunde mbili tu nikakirusha. Hakikuuma. Ilikuwa kama kukaa gizani halafu mtu akakumulika tochi ya macho: mwanga si mbaya, ila umekuja wote kwa mara moja.

Nikataka kukizima. Kitufe ni kimoja. Nikabonyeza, kikapanda. Nikabonyeza tena, kikapanda. Sikujua kwamba ili kizimike unakishikilia kitufe sekunde kadhaa. Karatasi ya maelezo ilikuwa ya Kichina mwanzo mwisho. Nikakifukia chini ya mto, humo kikanguruma kwenye godoro kama jenereta la saluni. Mlango ukagongwa. Dada wa kazi, Mungu ambariki.

"Mama, simu yako inaita."

"Nimeisikia mwanangu. Kalale."

Kikakaa kabatini chini ya nguo wiki nzima.

Nilipokirudia nilikuwa nimesoma. Kwanza, neno "kunyonya" linadanganya. Ndani ya kile kitundu kuna kiwambo kinachokwenda mbele na nyuma kwa kasi. Mdomo wa silikoni ukizunguka mahali pake sawasawa, hewa iliyobanwa humo inasukumwa na kuvutwa, na yale mawimbi madogo ndiyo unayoyasikia mwilini. Ukiacha mwanya, hewa inatoroka, kelele inaongezeka na wewe huambulii kitu. Ukikandamiza, mawimbi yanakosa nafasi. Kwa hiyo kinawekwa, kinatulia. Hakiingizwi popote. Hapo ndipo nilipokosea siku ya kwanza, maana akili yangu ilishazoea kwamba shughuli haijaanza mpaka kitu kiingie.

Kosa la pili lilikuwa mafuta ya nazi. Si ndiyo dawa yetu ya kila kitu? Nikapaka, yakajaa kwenye kitundu, mpigo ukafa. Jumamosi nzima nilikuwa bafuni na pamba za masikio na maji ya vuguvugu nikikifufua. Kinachofaa ni kilainishi cha maji, kinapatikana famasi, mara nyingi rafu moja na kondomu. Kile cha silikoni achana nacho, kinaweza kuharibu silikoni ya kifaa. Na usimwazime mtu, hata kama ndiye aliyekufundisha.

Ukali wake ulimalizwa na khanga. Nilikunja pindo la khanga kuukuu, iliyofuliwa mpaka ikawa laini kama uji, nikaliweka katikati, namba moja, goti moja nimelikunja. Halafu nikaacha kusubiri. Hilo sikuwahi kulifanya maishani: kulala pale bila mtu wa kumridhisha, bila kujisikilizia kama kiuno kinakatika kinavyotakiwa, bila kuwaza uso wangu unaonekanaje. Feni inazunguka. Nje daladala la mwisho linashusha, konda anagonga bati. Baada ya muda khanga nikaiondoa mwenyewe.

Sisimulii zaidi ya hapo. Ila nilicheka. Nilicheka mpaka nikajiziba na mto nisije nikaambiwa tena simu inaita. Nilipotazama saa, zilikuwa zimepita dakika 11. Miaka tisa ya ndoa nilikuwa najijua kama mtu wa baridi, nimeumbwa hivyo, nimekubali. Kumbe dakika 11.

Hasira ilikuja kesho yake, nikiwa kwenye foleni ya Buguruni. Nilikuwa nataka kumwandikia shosti, nikagundua kwamba hiyo sehemu sina pa kuiita. Kinembe kiko kwenye kamusi na vitabu vya baiolojia, sijawahi kusikia binadamu akilitamka. Kisimi kila mtu analijua, ila ni tusi, ukilisema kwenye daladala unashushwa. Nikamwandikia "pale". Binti yangu ana miaka saba, anajua kongosho liko wapi. "Pale" hapajui.

Nikaanza kusoma kama mtu anayedai deni. Mwaka 1998 Bunge letu lilipitisha ile sheria ya makosa ya kujamiiana, SOSPA, iliyofanya kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18 kuwa jinai. Mwaka huohuo daktari mmoja wa Australia, Helen O'Connell, alichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba kinembe ni kikubwa kuliko kilivyochorwa vitabuni. Kinachoonekana nje ni ncha. Mwili wake na miguu yake vimejificha ndani, vimeukumbatia mlango wa uke pande zote mbili. Yaani sisi tulikataza kukatwa kitu ambacho vitabu vya madaktari vilikuwa bado havijakichora kikakamilika. Na mishipa yake ya fahamu? Kwa miaka mingi ilikuwa inanukuliwa 8,000, hesabu iliyotokana na mifugo. Ni mwaka 2022 ndipo watafiti wa Oregon, Marekani, walipohesabu kwa binadamu, wakapata zaidi ya 10,000. Ng'ombe walihesabiwa kabla yetu.

Kwa hiyo masomo wangu nawapunguzia lawama kidogo. Kidogo tu. Mtu anayelipwa kumfundisha mwali usiku mmoja, na mchango umepita mamilioni, anauza kinachonunuliwa. Kinachonunuliwa ni "mume asitoke nje". Nimekwenda kicheni pati nne tangu mwaka jana, Kijitonyama, Mbezi, Segerea, na nyingine Segerea hukohuko, nikisikiliza kwa makini safari hii. Wimbo ni uleule. Mpishi anafundishwa kila kitu isipokuwa kuonja.

Najua mtaniambia nitakuwa sugu, nisiweze tena bila mashine. Kuna kaukweli: ukikaa namba kubwa muda mrefu panaingia ganzi, kama mguu ulioukalia, halafu panarudi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana wa mwaka 2009 ulikuta zaidi ya asilimia 70 ya wanawake waliotumia vaibreta hawakuwahi kupata dalili yoyote mbaya. Wanaotaka kuniletea aya, karibuni, mimi pia nasali, ila sitajibu.

Mume wangu nilimwambia kwa simu, usiku. Kikapita kimya kirefu nikadhani salio limekata. Halafu akauliza, taratibu, "Sasa mimi kazi yangu nini?"

Nilikuwa na jibu la kuchekesha, nikalimeza. Alikuwa anauliza kweli. Na ukimtazama, yeye alifundishwa nini? Tembea kutoka Buguruni mpaka Gongo la Mboto, uhesabu nguzo za umeme zilizobandikwa karatasi za dawa za nguvu za kiume. Nguvu, muda, urefu. Sijaona nguzo hata moja iliyoandikwa "tulia". Maskini, naye alikuwa anafanya mtihani ambao maswali yake aliyaokota barabarani. Aliporudi Desemba tulikaa kitandani, taa imewashwa, tukiwa kama watu wawili wanaoisoma ramani ya mtaa waliokwisha kukaa miaka tisa. Kifaa chenyewe hatukukitumia siku ile. Alitaka kwanza kujua namba moja inafananaje, nikamwonyesha kwenye kiganja chake, akashtuka jinsi ilivyo ndogo.

"Hiki tu?"

"Hiki tu."

Mwezi uliopita shangazi alikuja kutoka Kisarawe kwa ajili ya kliniki yake ya presha, nikampa chumba changu. Nilisahau rozi kwenye chaja, juu ya meza ya vipodozi. Narudi kutoka jikoni na chai, nakuta ameishika, anaigeuza, amevaa miwani.

"Ua la umeme?"

Huyu ni dada wa baba yangu. Kumdanganya siwezi, na kumwambia pia siwezi. Nikaanza kuzunguka, mara afya, mara usingizi, mara mume yuko mbali. Akachungulia kwenye kitundu. Akanitazama mimi.

"Bibi yako alipotuweka ndani," akasema, "kila jioni alikuwa anatuuliza swali moja. Mgeni akija, hodi anapiga wapi?"

"Mlangoni."

"Si chumbani?"

"Si chumbani, shangazi."

"Basi."

Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda na sinia langu la chai. Nikamuuliza mbona kwenye kicheni pati yangu hakunyanyua mdomo, na alikuwa mbele kabisa, watu wote walimwona.

"Mlikodi watu," akasema. "Mimi mlinipa pilau."

Akatafuta ule waya, akahangaika nao kidogo, akairudisha rozi kwenye chaja.