Feni Iliyogoma kwa Niaba Yangu

Kampuni iliyoniajiri ilipofunga ofisi yake ndogo ya Mtwara mjini ili kupunguza gharama za pango, niliambiwa nifanyie kazi nyumbani kwetu Mikindani, nami nikafurahi kama mwanafunzi aliyesikia kwamba mwalimu wa hesabu anaumwa. Furaha hiyo haikumaliza wiki mbili. Ulikuja waraka kutoka Dar es Salaam ukitutaka tuhakikishe kwamba kitone kilicho kando ya jina la kila mmoja wetu katika programu ya mikutano kinabaki kijani tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Na kitone hicho hugeuka njano usipogusa kompyuta kwa dakika chache, hata kama umeinamia daftari unajumlisha magunia ya korosho kwa kalamu.

Niliandika barua ya kupinga. Nilieleza kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku, lakini haisemi lolote kuhusu rangi ya kitone. Niliongeza, na hapa nakiri kwamba nilijisahau, kuwa David Livingstone alianzia hapa hapa Mikindani safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866 na hakuna aliyemdai awe kijani. Jibu lilikuwa na maneno mawili: “Zingatia waraka.”

Nikaanza mgomo baridi. Nilichukua feni ya mezani, ile inayogeuza shingo, nikaisimamisha juu ya kiti changu, nikafunga uzi kutoka kwenye wavu wake hadi kwenye kipanya cha kompyuta, na upande wa pili wa kipanya nikafunga ukanda wa tyubu ya baiskeli wa kukirudisha. Feni ikigeuka kulia, kipanya kinafuata. Ikirudi kushoto, mpira unakivuta. Kwa siku nne hapakuwa na mfanyakazi wa kijani kunishinda, na nilipongezwa kwa maandishi.

Siku ya tano maji yalikupwa, nikasikia kwamba pweza wameshafika ufukweni, nikatoka kwa muda nilioukadiria kuwa robo saa. Sikujua kwamba meneja ameitisha mkutano wa dharura. Kompyuta iliita, na mpwa wangu wa miaka mitano, ambaye anajua vizuri kwamba simu ikiita hubonyezwa penye kijani, akabonyeza.

“Shikamoo.”

“Marahaba, baba. Mjomba yuko wapi?”

“Amefuata pweza. Kazi anafanya huyu.”

Huku kwetu kusini mjomba ni mtu mzito, na mtoto yule, ninavyomfahamu, aliamini kabisa kwamba ananilindia heshima.

Meneja wetu si mama wa kupoteza muda wa mkutano. Walionisimulia wanasema alinyamaza kidogo, akaitazama feni, kisha akaendelea na ajenda yake: kwamba kwa kuwa msimu wa korosho umeanza, tutafanya kazi hadi Jumamosi. Akauliza kama kuna asiyeafiki. Feni ikageuka polepole kulia, ikageuka polepole kushoto.

“Anakataa,” mpwa wangu akafafanua.

Alipotaja ripoti ya kila jioni, feni ilikataa. Alipotaja kupunguzwa kwa posho ya vocha, feni ilikataa tena, na inasemekana mhasibu wetu, mtu ambaye sijapata kumwona hata akitabasamu, alilazimika kuzima kamera yake. Hapo umeme ukakatika. Kompyuta ilikuwa na betri na modemu yake, kwa hiyo mkutano haukukatika. Feni ndiyo iliyosimama, uso umeielekea kamera moja kwa moja.

“Na sasa anasemaje?” meneja akauliza.

“Sasa amekubali.”

Ndipo nilipoingia, pweza wawili wakining’inia mkononi, nikakuta watu kumi na wawili wakicheka hadi kufuta machozi.

Nilijieleza kwa kurasa mbili, nikapewa onyo, na Jumamosi nafanya kazi kama wenzangu. Walipopendekeza baadaye kwamba feni iwe mfanyakazi hodari wa Mei Mosi, meneja alijibu kwa maandishi kwamba haina sifa, kwa kuwa imewahi kupinga maamuzi ya uongozi mara tatu katika kikao kimoja.