Rosenwald wa Chicago: nani hasa alilipa?

Mwaka 2024 makumbusho ya sayansi na viwanda ya Chicago yalibandikwa jina la bilionea Kenneth Griffin, aliyeyachangia dola milioni 125. Julius Rosenwald, aliyeahidi dola milioni 3 mwaka 1926 ili yaanzishwe, aliomba jina lake liondolewe. Husifiwa sana kwa unyenyekevu huo. Kwangu suala la jina la makumbusho ni dogo. La kuchunguza ni masharti ya fedha zake.

Rosenwald, mwana wa wahamiaji Wayahudi kutoka Ujerumani, alitajirika akiongoza Sears, Roebuck, kampuni iliyouza kila kitu kwa njia ya posta. Katika sinagogi lake la Sinai, rabi Emil Hirsch alihubiri kwamba kumsaidia mnyonge ni kumpa haki yake, si kumfanyia hisani. Mwaka 1910 Rosenwald akatangaza dola 25,000 kwa mji wowote utakaochanga 75,000 kujenga YMCA (kituo cha chama cha vijana Wakristo, chenye malazi) ya watu weusi, waliokuwa wakikataliwa katika zile za wazungu. Chicago ilifungua yake Wabash Avenue mwaka 1913. Vijana waliohama majimbo ya kusini walipata humo kitanda, na mwaka 1915 Carter G. Woodson alianzisha humo chama cha kuchunguza historia ya watu weusi.

Wakosoaji walikuwa na hoja: kwa nini kumjengea mtu mlango wake wa pembeni badala ya kulazimisha mlango mkubwa ufunguliwe? Ni kweli. Ila kijana aliyeshuka kwenye treni usiku ule alihitaji pa kulala usiku uleule.

Hoja inayonisumbua zaidi ni ya shule. Kati ya miaka ya 1910 na 1932 zilijengwa karibu 5,000 katika majimbo 15 ya kusini, nazo huitwa shule za Rosenwald. Fedha zake, alizotoa kwa sharti kwamba wenyeji na serikali nao wachangie, zilikuwa takriban dola milioni 4.4. Watu weusi wenyewe, wengi wao wakulima maskini, walichanga milioni 4.7, mbali na nguvu kazi yao na kodi walizokwisha kutozwa. Walilipia mara mbili kile ambacho jirani mzungu alikipata kwa kodi tu. Watetezi hujibu kwamba bila sharti hilo serikali za majimbo zisingetoa sehemu yao, iliyokuwa kubwa kuliko zote, na utafiti wa wachumi wa Benki Kuu ya Marekani tawi la Chicago ulionyesha kwamba shule hizo zilipunguza sana pengo la elimu kati ya weusi na wazungu. Nakubali matokeo, jina la “shule za Rosenwald” ndilo silikubali.

Huko nyumbani napo, mwaka 1913 tume ya Seneti ya Illinois ilimhoji kuhusu mishahara midogo ya wasichana wa Sears. Alikana kwamba ujira duni uliwasukuma kwenye ukahaba. Mkono uliotoa ndio huohuo uliopanga mishahara.

Hata hivyo aliagiza mfuko wake wa misaada utumike wote uishe, usigeuke himaya ya kudumu. Ulifungwa mwaka 1948, yeye akiwa ameshafariki tangu 1932. Kabla ya hapo ulikuwa umewafadhili Kenneth na Mamie Clark, wanasaikolojia waliowapima watoto weusi kwa wanasesere weusi na weupe, wakaona jinsi ubaguzi ulivyowafanya wajidharau. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani iliutaja utafiti wa Clark ilipopiga marufuku shule za kutenganisha rangi, zikiwemo zile zilizojengwa kwa fedha za Rosenwald.