Nduru tunaisikia, kisha?

Huku Uingereza mwanamke akipigwa anawaita polisi kwa simu ya 999, na tangu 2014 polisi wanaweza kumwandikia mume notisi ya kutoka nyumbani. Ndani ya saa 48 wanampeleka kwa hakimu, ambaye anaweza kumzuia asirudi kwa siku 14 hadi 28. Anayetoka ni mpigaji, si mke na watoto na godoro kichwani. Sheria yetu Kenya ya 2015 ya kuwakinga watu na ukatili wa nyumbani nayo inaruhusu mahakama kutoa amri ya ulinzi, ila wengi safari yao huishia kwa chifu.

Lakini huku jirani hajui hata jina lako. Kwetu Kisumu, mtaa wa Nyalenda au Manyatta, nduru ikipigwa ploti nzima inasikia. Kinachotushinda ni kinachofuata: "hayo ni ya bwana na bibi", kesho wazee wanakaa, mbuzi anatolewa. Kwa ubakaji kikao hicho ni bure, maana Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006 haiwapi familia mamlaka ya kufuta kesi. Na wazee wakihesabu mbuzi, saa zinayoyoma.

Kila ploti iwe na wawili wanaojua hatua. Nduru ikisikika, wabishe hodi pamoja, kwa kisingizio chochote, hata cha kuomba chumvi. Wasimhoji mama mbele ya mumewe. Akiwa amebakwa, asioge. Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi ya khaki, si nailoni, kwa sababu unyevu huharibu ushahidi. Hospitali kwanza: PEP ya kuzuia Ukimwi ndani ya saa 72, dawa ya kuzuia mimba ndani ya saa 120, na daktari ajaze fomu ya PRC, ya huduma baada ya ubakaji. Halafu dawati la jinsia kituoni, nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), fomu ya P3 (ya polisi, ya kujazwa na daktari kuhusu majeraha). Simu ya 1195, ya kuripoti ukatili wa kijinsia, haina malipo.

Semina ya siku moja yenye soda na posho haibadilishi mtu. Kampala, mradi wa SASA! ulitumia wakazi wenyewe kuzungumza na majirani kuhusu nguvu na matumizi yake, kwa miaka, si kwa siku; mitaa iliyoshiriki ilikuwa na ukatili wa kimwili wa wapenzi pungufu kwa asilimia 52 kuliko mitaa mingine.

Hao wawili wawe mwanamke na mwanamume, wasiwe jamaa wa mpigaji. Mwangalizi wa ploti simtaki: anayemlipa ni mwenye nyumba, na mwenye nyumba anataka kodi, hataki polisi langoni.