Kienyeji ni mbegu au ni malezi?

Ukiulizia kuku wa kienyeji kwenye masoko ya Dar, Shekilango kwa mfano, unaweza kuoneshwa matenga mawili. Kwenye moja wamo kuku wadogo wa rangi mchanganyiko, waliosafirishwa kutoka Singida au Dodoma. Kwenye lingine wamo chotara wenye vifua vipana na miguu minene: Kuroiler na Sasso. Muuzaji anawaita wote kienyeji, mnunuzi anabisha.

Jina lenyewe linaruhusu ubishi huo. Kitu huwa cha wenyeji kwa asili yake, au kwa jinsi kinavyotunzwa. Muuzaji anashika hilo la pili: kuku wake amechakura uani, hakufungiwa bandani kama broila wa wiki tano au sita. Ana hoja. Hata huyu wa asili, mababu zake ni kuku-mwitu wa Asia. Amekaa kwetu muda mrefu mno, ndiyo maana Waganda wanamwita enkoko na Wazulu inkukhu, majina yaliyo ndugu wa kuku wetu. Kama ukaazi ndio uliompa uenyeji, Kuroiler wa India na Sasso wa Ufaransa wanakosa nini zaidi ya muda?

Hata hivyo niko upande wa mnunuzi, na si kwa ajili ya ladha. Nyama ngumu ya kuku wa miezi sita ina wapenzi wake, na laini ya chotara ina wake. Kinachoniuma ni mfugaji mdogo wa Chanika au Mbagala anayeuziwa vifaranga kwa jina la kienyeji. Anatarajia matetea watage, waatamie, waangue, banda lijae lenyewe. Tetea wa Kuroiler hutaga vizuri, mayai kama 150 kwa mwaka, wakati wa asili hutaga 40 hadi 60. Ila kuatamia hajui. Bila mashine ya kutotolesha, au tetea wa asili wa kumwekea mayai, ukoo unakatika. Akifanikiwa kutotolesha, watoto hawafikii wazazi wao, naye anarudi dukani kununua upya. Kuku hakuwa mbaya, jina tu halikuwa lake.

Halafu kuna aina za kuku wetu wa asili, kama Kuchi, Horasi na Kishingo. Wote wakichanganywa ndani ya neno moja na chotara, nani atahangaika kutunza mbegu zao?

Neno chotara lipo, wafugaji wanalitumia kila siku bila aibu. Liandikwe kwenye tenga na kwenye boksi la vifaranga, bei ipangwe kwa jina hilo, mnunuzi achague mwenyewe.