Kutoka Hamburg hadi Nyandarua: deni la ndege nzito za mabomu

Kila majira ya joto Waingereza huirusha Lancaster moja kongwe, ndege nzito ya mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia, namba PA474, juu ya umati kwenye maonyesho ya ndege na sherehe za kitaifa. Kati ya Lancaster 7,377 zilizoundwa, zinazoweza kuruka leo ni mbili tu: hiyo, na nyingine iliyoko Hamilton, Kanada. Injini zake nne za Merlin zikianza kunguruma kwa mbali watu hunyamaza, na wapo wanaofuta machozi. Jambo lisilosemwa sana ni kwamba PA474 haikuwahi kudondosha bomu lolote vitani. Ilitoka kiwandani mwaka 1945, vita vikaisha kabla haijatumwa, ikafungwa kamera na kuletwa Afrika Mashariki na Kusini kupiga picha za kuchorea ramani.

Ndege inayowaliza Waingereza, basi, ilishawahi kuwa juu ya vichwa vyetu. Ndiyo maana siuoni mjadala wao kuhusu urithi wa ndege hizi kuwa ugomvi wa nyumba ya jirani.

Wanaozitetea husema bila Lancaster na wenzake Halifax na Stirling, Hitler angeshindwa kwa kuchelewa na kwa damu nyingi zaidi. Wanaozilaumu huonyesha miji iliyogeuzwa majivu, na raia wa Ujerumani wasiopungua laki tatu na nusu waliouawa kutoka angani, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Kila upande una ushahidi. Kinachonisumbua mimi ni namna pande zote mbili zinavyoruka mahali kesi yenyewe ilipoanzia.

Ilianzia kwenye kushindwa. Ufaransa ilipoanguka mwaka 1940, Uingereza ilibaki bila njia nyingine ya kuifikia Ujerumani isipokuwa anga. Mchana ndege zake zilitunguliwa kama kwale, zikahamia usiku. Agosti 1941 ofisa mmoja wa serikali alichunguza mamia ya picha zilizopigwa wakati wa mashambulizi, na majibu yakawa ya aibu: kati ya marubani walioripoti kwamba wamepiga shabaha, ni mmoja tu kati ya watatu aliyekuwa amefika ndani ya kilomita 8 kutoka shabahani. Kwenye bonde la Ruhr, lenye moshi wa viwanda, alikuwa mmoja kati ya kumi.

Asiyeweza kukipata kiwanda ana mawili: aache, au atafute shabaha kubwa isiyokoseka. Shabaha hiyo ni mji. Tarehe 14 Februari 1942 ilitoka amri iliyosema lengo sasa ni kuvunja moyo wa raia, hasa wafanyakazi wa viwandani. Siku chache baadaye Arthur Harris akakabidhiwa Kamandi ya Mabomu, tawi la jeshi la anga la Uingereza lililoendesha ndege hizo. Watu hupenda kumbebesha yeye zigo lote, lakini amri aliikuta mezani. Udhaifu wa vifaa uligeuzwa kuwa sera, na vifaa vilipoboreka baadaye, sera haikubadilika. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa lenyewe, kubwa kuliko usiku wowote mmoja.

Hamburg ilionyesha sera hiyo inaweza kufika wapi. Julai 1943 ndege zilimwaga vipande vya karatasi ya alumini vilivyopofusha rada za Wajerumani. Usiku wa tarehe 27 kuamkia 28, katika joto na ukavu wa kiangazi, moto mdogo mdogo uliungana ukawa mmoja, ukaanza kuvuta hewa kutoka mitaa ya jirani kama tanuri la mhunzi linavyovuta upepo wa mivukuto. Tufani ya moto. Waliojificha kwenye mahandaki hawakufa kwa mabomu, walikufa kwa kukosa hewa. Waliokufa katika mashambulizi ya wiki ile ni takriban 37,000.

Mtetezi atajibu: wao ndio walioanza. Na kweli. Warsaw, Rotterdam, Coventry, London, Wajerumani walizipiga mwanzo. Hoja hiyo ina uzito kwa anayetaka kuelewa hasira ya wakati ule, ila hasira haikuwa ya wote. Februari 1944, mabomu yakiwa bado yanadondoka, George Bell, Askofu wa Chichester, alisimama katika Bunge la Malabwana na kuuliza kama serikali inaelewa inachokifanya kwa miji ya Ujerumani. Alichukiwa kwa hilo. Kwa hiyo wale wanaosema tusihukumu mambo ya zamani kwa macho ya leo wamkumbuke: macho hayo yalikuwepo tangu zamani.

Je, mabomu yalisaidia? Hapa wanaolaumu hushika takwimu moja na kung'ang'ana nayo: uzalishaji wa silaha wa Ujerumani uliongezeka karibu mara tatu kati ya mwanzo wa 1942 na katikati ya 1944, miji ikiwa inaungua. Ni kweli, lakini haimalizi mazungumzo. Maelfu ya mizinga ya milimita 88, ambayo ingeweza kuvunja vifaru vya Warusi, ilielekezwa angani katika miji ya nyumbani. Ndege za kivita ziliondolewa upande wa mashariki kuja kulinda Ujerumani. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za utetezi, na ajabu ni kwamba haitegemei kabisa kuua raia. Adui angelazimika kujilinda hata kama shabaha ingekuwa reli, madaraja na mitambo ya mafuta.

Na mafuta ndiyo yaliyoamua. Wamarekani walipoanza kupiga mitambo ya mafuta Mei 1944, petroli ya ndege ya Ujerumani ilishuka kutoka karibu tani 175,000 mwezi Aprili hadi chini ya 20,000 mwezi Septemba. Harris aliyaona mapendekezo ya namna hiyo kuwa dawa za waganga wa mitaani. Aliendelea na miji. Ile hoja ya kuvunja moyo wa raia ndiyo dhaifu kupita zote, maana Waingereza wenyewe walikuwa wamepigwa miezi mfululizo na moyo wao haukuvunjika. Sijui waliwezaje kuamini kwamba Mjerumani ameumbwa kwa udongo mwingine.

Dresden nitaipita haraka, kwa sababu imeshasemwa hadi imechakaa. Februari 1945, takriban watu 25,000. Ile idadi ya laki mbili ni zao la propaganda ya Goebbels, waziri wa Hitler, na hadi leo wanaoipenda ni wafuasi wa siasa zake. Tarehe 28 Machi Waziri Mkuu Churchill aliandika kwamba umefika wakati wa kuitazama upya kazi ya kupiga miji kwa ajili ya kutia hofu tu. Yeye mwenyewe alikuwa ameishinikiza kazi hiyo wiki chache tu kabla ya Dresden.

Waliobaki na mzigo ni vijana. Kati ya watu 125,000 hivi waliorushwa na Kamandi ya Mabomu, walikufa 55,573. Wote walijitolea. Kijana alitakiwa kumaliza safari 30 ndipo apumzishwe, na kuna vipindi ambapo hesabu za kawaida zilionyesha kwamba hatafika. Baada ya vita hawakupewa medali ya kampeni yao, na mnara wao mkubwa pale Green Park, London, ulizinduliwa mwaka 2012, wengi wakiwa wameshazikwa.

Mmoja wao aliishi Dar es Salaam. Ulric Cross, mzaliwa wa Trinidad, alikuwa mwongoza njia kwenye ndege za Mosquito, katika kundi lililotangulia kuzionyesha ndege nzito pa kupiga. Aliruka safari 80, zipatazo 20 zikiwa juu ya Berlin. Vita vikaisha, akasomea sheria, na kuanzia 1967 hadi 1971 alikuwa Jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania. Mtu mweusi kutoka koloni aliona Unazi ukishinda hatakuwa na mahali pa kusimama, akaenda kupigana. Mimi siwezi kumtazama mtu huyo na kumwita muuaji wa watoto. Wala siwezi kuutumia ushujaa wake kuisafisha amri ya 14 Februari. Hayo ni mambo mawili, na wengi wa wanaobishana huyafunga kamba moja.

Sasa tuje nyumbani. Lancaster ilizaa mdogo wake, Lincoln, mkubwa kidogo kwa umbo, ambaye mwanzoni alikusudiwa kuitwa Lancaster toleo la nne. Alichelewa kupigana na Hitler. Kazi aliipata Kenya. Wakati wa Hali ya Hatari, Jenerali George Erskine akiongoza majeshi dhidi ya Mau Mau, Lincoln zililetwa uwanja wa Eastleigh, Nairobi, zikawa zinapanda kwenda kumwaga mabomu katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya hadi katikati ya 1955. Misitu hiyo ilishatangazwa eneo marufuku. Aliyeonekana ndani yake angeweza kupigwa risasi bila onyo.

Hapa pia kuna pande mbili. Maofisa wa anga walidai mabomu yaliwanyima wapiganaji usingizi na kuwafanya wahamehame. Inawezekana. Lakini ndege iliyobuniwa kutafuta shabaha yenye ukubwa wa mji ilitumwa kutafuta watu wachache waliolala chini ya mianzi. Ni ugonjwa uleule wa 1941, sasa bila kisingizio cha kutokuwa na njia nyingine. Fahali wawili wapiganapo ziumiazo ni nyasi, husema wahenga, ila Nyandarua walioumia walikuwa pia ndovu, vifaru na nyati, na mnyama aliyejeruhiwa na kipande cha bomu hamuulizi anayekutana naye yuko upande gani.

Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alikamatwa Oktoba 1956 na askari polisi waliokuwa kwa miguu pembezoni mwa msitu, zaidi ya mwaka mmoja baada ya Lincoln kuondoka. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa Wakenya 5,228, kwa mateso waliyopata kizuizini, jumla ya pauni milioni 19.9 pamoja na gharama za kesi. Mabomu hayakuwa sehemu ya kesi hiyo.

Mnara wa Green Park una maneno ya kuwakumbuka watu wa mataifa yote waliopoteza maisha kwa mabomu kati ya 1939 na 1945. Lincoln zilianza kutua Eastleigh mwishoni mwa 1953.