Kuni za mkorosho, mkaa na gesi ya mtungi

Ukipita Tandahimba jioni, moshi ulio juu ya mapaa ni wa kuni. Mgeni hushangaa: gesi ya Mnazi Bay, hukuhuku mkoani Mtwara, iligunduliwa mwaka 1982, mbona mama bado anapuliza mafiga? Gesi ile ni methani. Inachakatwa Madimba, halafu inasafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam kufua umeme. Ya mtungi ni propani na butani, nayo inaletwa nchini kwa meli. Mtungi uliofika Newala, basi, umevuka bahari na kupanda lori.

Hapo watetezi wa kuni wana hoja. Mikorosho hupogolewa, na matawi yake yasipopikiwa yataozea au kuchomwa palepale shambani. Hewa ukaa inayotoka jikoni ni ileile mti ulioivuta, na chipukizi wataivuta tena. Ya gesi ilikuwa imelala ardhini mamilioni ya miaka. Hata miombo ya Liwale, ukiacha kisiki na moto usipopita, huchipua yenyewe.

Hoja hiyo haiuokoi mkaa, ingawa wengi huvichanganya. Katika tanuri la udongo, kilo moja ya mkaa hula kilo saba za mti, pengine kumi. Mchoma mkaa hahangaiki na vijiti. Anataka shina zito. Tena Lindi msitu hufyekwa kwa ajili ya ufuta, mkaa ukifuata nyuma ya shoka. Kumlaumu bibi mwenye mzigo wa kuni kichwani ni kumwonea.

Ila sifichi ubaya wa mafiga. Masika kuni hulowa: anayepika anageuza uso pembeni, machozi yanamtoka, moto unalamba ubavu wa sufuria na joto kubwa linapotelea hewani. Masizi yale huumiza mapafu, na yakipaa huongeza joto la dunia. Jiko banifu la udongo hupunguza kuni na moshi, japo haliumalizi.

Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Mimi ningeanzia Masasi, Lindi na Mtwara mjini, kwa wanaonunua mkaa. Huko mtungi, pamoja na safari yake yote, unaushinda mkaa waziwazi. Kijijini kwenye mikorosho ningepeleka jiko banifu kwanza. Mtwara mjini zipo nyumba zinazopikia gesi asilia ya bomba, isiyohitaji meli wala lori. Bado ni chache mno.